Kiti Ambacho Bi Delfina Hatapewa

Mwanangu Somoe,

Salamu sikupi, maana upo hapo chumba cha pili na nakusikia unavyobishana na mama yako juu ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Yeye anataka uibebe, wewe unasema watu wa uwanja wa ndege wataitupa. Mtamalizana wenyewe. Habari za sweta, za dawa, za kutomwachia mtu pasi yako ya kusafiria, zote ameshakuambia, tena mara mbili mbili kama kawaida yake. Mimi sizigusi. Zikikupita, baridi ya huko itakufundisha.

Nakuandikia kwa sababu leo asubuhi nimepigiwa simu, na nimeshindwa kukuambia nilichoambiwa. Nimeshindwa asubuhi, nimeshindwa mchana mbele ya wajomba zako, na nimeshindwa tena sasa hivi uliponiletea chai ukaniuliza, "Baba, mbona umenuna?" Nikasingizia mgongo. Mgongo wangu hauna kosa lolote. Aliyenipigia ni rafiki yangu wa zamani ambaye bado yuko kwenye ofisi ya serikali niliyostaafia, ndiyo hiyo iliyokuajiri. Jina lake siliandiki, ana watoto wanasoma. Alisema hivi: "Kaka, ombi la vile visiwa linarudi mezani, na wakubwa wameshaamua. Zamu yake ikifika, ujumbe wetu hautakuwa ukumbini. Binti yako wamemchagua kwa sababu yule mama anakuamini wewe. Kazi yake ni kukaa naye, amchangamshe, asipate wasiwasi akaanza kugonga milango mingine." Nikamuuliza, "Na yeye mwenyewe ameambiwa?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona haya. "Ameambiwa akamsaidie."

Ndiyo hiyo kazi yako, mwanangu. Unapelekwa kumbembeleza Bi Delfina mpaka kikao kiishe.

Najua maneno haya yanavyokuchoma. Tangu umalize chuo umekaa hapa Mkunya unanisaidia kupuliza salfa kwenye mikorosho, umefundisha watoto wa watu masomo ya jioni kwa ahsante, na kila aliyekupita kisimani alikuuliza, "Bado tu?" Siku barua ya kazi ilipokuja ulikimbia kutoka barabarani mpaka uani na ndala moja. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtu kajifungua. Nami nilifurahi, tena nilifurahi vibaya, nikazunguka kijiji kizima najifanya natafuta jembe langu ili watu wanipongeze. Leo furaha ile naionea aibu.

Sasa nisikilize. Jambo hili unalijua, umesoma makaratasi yake mengi kuliko mimi. Lakini makaratasi yanalizungusha sana, acha niliseme kama mkulima. Vile visiwa vina mikorosho kama sisi, ila havihesabiwi kuwa nchi. Nchi kubwa iliyo jirani inasema visiwa ni vyake. Wenyewe wanasema hawakuulizwa. Korosho zao hutoka kwa jina la nchi ile, daraja la ubora hupangwa na nchi ile, na magunia yao yakikataliwa hakuna anayewaeleza kwa nini. Hawaombi bendera wala kura. Kwenye ile jumuiya ya nchi za korosho wanaomba kiti cha mtazamaji tu, kiti cha nyuma. Mwenye kiti hicho hupewa makaratasi ya kikao kama wengine, husikia viwango vikijadiliwa kabla havijapitishwa, na mwishoni mwenyekiti akiwa na moyo mzuri humpa nafasi aseme maneno mawili. Basi. Wewe na mimi tungeona ni kitu cha kumpa mgeni bila hata kufikiri.

Umeshanisikia nikilalamika kuhusu mnada wetu. Bei ikisomwa tunaguna, tukizidi kuguna tunapaza sauti, "Hatuuzi!" na wanunuzi wanaondoka na bei zao. Mara chache wanarudi na bei nzuri zaidi. Mara nyingi tunachoka sisi kwanza, ada za shule zinatukimbiza, tunauza kwa bei ileile tuliyoikataa na kila mtu anarudi nyumbani kimya. Lakini pa kukatalia tunapo. Bi Delfina na watu wake hawana hata mahali pa kusimama waseme hatuuzi. Asiyekuwepo na lake halipo, wamesema wahenga, na hawakuwa wanatania.

Hadithi ya mimi na Bi Delfina umeisikia tangu unatambaa. Nimekuwa nikiisimulia wakati wa chakula, namsifu, nazisifu korosho zake, namtukana mkubwa wangu wa kazi, mwisho nasema, "Nilimpigania yule mama." Mama yako huwa anakohoa hapo, sijui kama umewahi kuona. Anakohoa kwa sababu yeye anaijua hadithi yote. Leo nakupa kile kipande ambacho huwa nakiruka.

Nilikuwa kijana wa ofisini, nimevaa suti ya kuazima, naandamana na ujumbe kubeba mafaili. Bi Delfina alitukuta kwenye ukumbi wa chai. Alikuwa mama mwenye sauti nzito na koti la kiume la kahawia, amebeba kikapu cha vifuko vya korosho walizokaanga wenyewe nyumbani kwao. Aliwagawia watu wote, wajumbe, wakalimani, mpaka wafagiaji. Tukazila. Watu walisimama pale wanatafuna korosho za visiwa ambavyo baada ya muda mfupi wangesema hawavitambui. Akaja kwangu, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na changu cha kwetu Nanganga tukaelewana vizuri tu. Alisema ombi lao limepata nchi moja ya kulileta mezani. Utaratibu unataka na nchi ya pili ilishike, yaani iliunge mkono, ndipo lijadiliwe. "Nchi yenu italishika?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba neno hilo si langu, ila nitalifikisha kwa mwenye neno.

Nikalifikisha kweli. Mkubwa wangu alikuwa anasoma gazeti. Nilieleza yote, tena nilieleza vizuri, nikaweka karatasi mbele yake. Akasema, "Acha hapo. Nitaliangalia." Nikasema ahsante mzee, nikatoka. Na hapo ndipo nilipoharibu, Somoe, ingawa mlango niliufunga kwa adabu na moyoni nilijiona kijana safi aliyelelewa.

Unajua kwetu Nanganga jambo linavyopelekwa. Mshenga analibeba, anaukalia mkeka, analiweka mbele ya mjomba, mjomba anaitikia, "Tumelipokea." Mnaaga. Mnakwenda kulima. Huendi tena kuuliza, wala humtumi mtoto apite pite kwenye uwanja wake kutazama uso wake ukoje. Kuuliza mara ya pili ni kumwambia mjomba kwamba amesahau, na mjomba hasahau, mjomba anapima. Anayeuliza mara mbili amelifuta ombi lake mwenyewe. Nimelelewa hivyo na bibi yangu, na makofi niliyopigwa kwa ajili hiyo bado nayasikia masikioni.

Tena mimi adabu ile ilikuwa imenilipa. Nilipompenda mama yako, mshenga wangu alipanda kutoka Nanganga mpaka hapa Mkunya, akaliweka jambo mbele ya mjomba wa mama yako, marehemu. Akaambiwa limepokelewa. Kisha kimya. Mikorosho ikachanua, ikazaa, tukaokota, tukauza, bado kimya. Rafiki zangu wakanicheka: "Wamakonde wale wameshamwoza mwingine, wewe unaitunza adabu kama hirizi!" Nilikonda mpaka suruali ikawa inashikwa na kamba. Lakini sikuuliza. Siku walipotuita, yule mjomba alisema mbele ya watu wote, "Huyu Mmakua tumempenda kwa moja. Hakutusumbua." Nikapewa mke. Sasa fikiria kijana aliyepata mke kwa kunyamaza, utamfundisha nini tena? Niliamini kimya ni ufunguo wa kila mlango.

Basi nikasubiri. Kila asubuhi Bi Delfina alinikuta pale kwenye chai, "Vipi?" Namjibu, "Liko mezani kwa mzee. Subiri." Siku moja nikamtafsiria ule msemo wetu wa subira yavuta heri. Akacheka sana, akaniambia kwao pia wanao kama huo, ila waliokuwa wakiusema wote wamekufa. Nikacheka naye. Sikulipima lile neno hata kidogo. Nilimwona mama mcheshi, basi.

Siku ya ombi lake mkubwa wangu alitoka nje kupokea simu. Nikabaki mimi nyuma ya kile kibao chenye jina la nchi yetu. Mbele yangu kulikuwa na kipaza sauti na kitufe chake. Ukikibonyeza taa nyekundu inawaka na ukumbi mzima unakugeukia. Bi Delfina haruhusiwi kuingia, kwa hiyo alisimama mlangoni, nje ya kioo. Mwenyekiti akasoma ombi. Ile nchi ya kwanza ikasema inalileta. Mwenyekiti akauliza, "Nani analishika?" Akanyanyua macho, akayazungusha ukumbi mzima taratibu, alikuwa mtu mwungwana. Yakapita kwangu. Nikatazama mlangoni, mkubwa haji. Nikatazama kitufe. Nikajiambia neno si langu, wenye neno hawajanirudishia jibu, nani kanituma? Mwenyekiti akauliza tena. Nikainamisha kichwa kwenye mafaili nikajifanya natafuta karatasi. Kisha nyundo ikagonga: limeahirishwa mpaka mashauriano yatakapokamilika.

Mkubwa akarudi ananukia kahawa. "Imekwendaje?" Nikamwambia. Akapiga paja. "Lo! Bwana mdogo, mbona hukunikumbusha? Mimi ningelishika lile." Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Miaka yote hii nimelala na swali hilo. Kama alisema kweli, mimi ndiye niliyewanyima watu wa visiwa vizima kiti chao kwa sababu nilikuwa na adabu. Kama alisema uongo, basi nilitumiwa kama kizibo cha chupa na wala sikujua. Nimejaribu kuchagua moja niumie nayo, nimeshindwa.

Bi Delfina hakunilaumu. Alikuja, akanishika bega, akasema, "Mwakani." Akanipa vifuko vya korosho vilivyobaki nimpelekee mke wangu. Mama yako akazionja akasema, "Nzuri, zimeungua kidogo tu," akazimaliza zote.

Mwakani haikuja. Wakati ule mlango ulikuwa wazi kidogo, na mtu mmoja angeweza kuusukuma kwa kidole. Baada ya hapo ile nchi kubwa ikaanza kuwa rafiki wa kila mtu: barabara huku, nafasi za masomo kule, tena inanunua korosho kwa meli nzima nzima. Ile nchi iliyoleta ombi mara ya kwanza ikasema sasa inatafakari upya. Mimi nikahamishiwa meza nyingine, baadaye nikastaafu, nikaja kuishi hapa ukweni kwangu. Bi Delfina hakustaafu. Kila kikao anakwenda, anakaa kwenye benchi la ujia na kikapu chake. Kila mwaka ananiandikia. Huuliza mvua, huuliza mgongo, huuliza binti yako anasoma nini sasa. Hajawahi kuniuliza kuhusu siku ile. Nami sijawahi kumwambia kwamba kitufe kilikuwa mbele yangu. Anadhani kijana yule hakuwa na mamlaka, na kwamba alikuwa ameshamaliza milango yote ya kugonga.

Sasa unaona wamekuokota wapi. Kwenye maombi yako ya kazi uliandika kwamba baba yako alikuwa rafiki na mtetezi wa visiwa vile. Ulinisomea ile sehemu kwa sauti, nami nikakaa kwenye kigoda changu nikatabasamu kama mtu aliyepewa nishani. Ningesema neno moja tu siku ile ungeifuta. Hadithi yangu tamu ndiyo iliyokupeleka. Wamesoma, wakasema, ah, huyu ndiye, yule mama atamwamini mtoto wa rafiki yake. Nami najua umeshampigia simu. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya ghala napanga magunia, nikakusikia unamwambia, "Mama, safari hii tutasimama na nyinyi." Simu uliiweka kwa sauti ya nje, nikamsikia na yeye akivuta kamasi kabla ya kukujibu. Nadhani alikuwa analia.

Wajomba zako walipokuja leo mchana nilidhani nitapata ujasiri. Unajua mahali pangu kwenye vikao vya nyumba hii. Mtoto ni wa wajomba. Mimi mkwe hukaa pembeni karibu na mlango wa jiko, nasikia kila kitu, sina kauli. Miaka yote nimekaa hapo, nimesikia wakipanga unyago wako, shule yako, mpaka posa ile tuliyoikataa, nami natikisa kichwa kama mjusi. Sina kinyongo, ndiyo desturi, hata mimi huko Nanganga nawapangia wapwa zangu na baba zao wamekaa wananitazama. Mjomba Bakari akakupaka unga wa baraka kwenye paji la uso. Akasema, "Mpwa wangu, nenda ukatusemee. Wewe ndiwe mdomo wetu huko." Mama yako akapiga vigelegele. Wewe umepiga magoti na unga unakudondokea kwenye pua, unacheka, unazuia chafya. Ulikuwa umependeza sana, Somoe. Niliona uchungu mpaka nikatazama pembeni.

Halafu Mjomba Bakari akanigeukia, kama anavyofanya siku zote kwa heshima tu. "Shemeji, una neno?"

Jibu lake linajulikana: sina, mmeshamaliza. Hakuna mkwe aliyewahi kujibu vingine katika uwanja huu. Nami neno nilikuwa nalo limenijaa kinywani kama ugali wa moto. Watu walinisubiri kuzidi kawaida kidogo, nadhani uso wangu ulinisaliti, maana shangazi mmoja akatania, "Mmakua leo hata utani hana, anaona mwanawe anaondoka." Wakacheka. Nikasema, "Sina neno, shemeji. Mmeshamaliza." Wakala wali wakaondoka. Nimekuwa mtu yuleyule, mwanangu, yule wa kwenye kile kitufe. Mvi zimeota, busara haikuota nazo.

Nimewaza nikuzuie usiende. Nimelizungusha jambo hilo tangu simu ile, nikatoka mpaka ukingoni mwa mlima, nikasimama pale panapoporomoka kuelekea mto Ruvuma, ukungu umejaa hata bonde halionekani, nikarudi vilevile. Nikikuzuia, watampeleka mwingine asiyejua lolote, na atacheka na Bi Delfina kwa moyo mweupe mpaka mwisho. Wewe utarudi kwenye salfa na maswali ya kisimani. Na ombi litakufa vilevile.

Maana litakufa. Nataka uondoke ukilijua hilo, usije ukajidanganya kama nilivyojidanganya mimi. Najua damu yako, umeshaanza kupanga moyoni kwamba utakaa karibu na kile kibao, utabonyeza wewe. Hawatakukalisha karibu nacho. Na hata ikitokea bahati ukabonyeza, mwenyekiti atauliza wakubwa wako, wakubwa watasema binti alikosea, maneno yako yatafutwa na wewe utapandishwa ndege. Usifikiri labda rafiki yangu amesikia vibaya. Hajawahi kusikia vibaya. Usifikiri labda watabadilika wakimwona yule mama. Wamemwona miaka yote, wamekula korosho zake. Mimi sioni mlango, Somoe. Nimetafuta, natafuta mpaka sasa kalamu iko mkononi, sioni.

Kitu kimoja tu kimebaki, tena kidogo mno hata naona haya kukiita msaada. Yule mama anasubiri kwa sababu mtu wa ukoo wetu alimwambia asubiri. Kwanza mimi, sasa wewe. Tunaweza kuacha kumwambia hivyo. Sikudanganyi kwamba itamfaa kitu. Akijua mapema, pengine atagonga milango iliyobaki, nayo itakuwa imefungwa. Pengine atakwenda tu kulala hotelini, apumzishe miguu, aondoke kabla ya aibu ile ya kusimama nje ya kioo. Sijui atafanya nini. Ila afanye yeye, kwa kuchagua, si kwa sababu tumemkalisha kwenye benchi tunampigia hadithi.

Na wewe itakugharimu. Watajua ni nani aliyemwambia, hakuna mwingine wa kushukiwa. Hutafika mbali katika kazi hiyo, huenda hutafika hata mwisho wa safari hiyo. Mama yako atalia. Mjomba Bakari atauliza ni mdomo gani huu tulioupaka unga. Hilo niachie mimi. Nitakwenda kwake mwenyewe bila kuitwa, nikae katikati ya mkeka, nimwambie shemeji, safari hii nina neno. Akinifukuza kwenye mashamba ya mama yako, Nanganga bado ipo, nitarudi kwa dada zangu wanicheke uzee wote. Sioni ajabu. Hata hivyo nitakuwa bado sijakulipa.

Ukishindwa kumwambia, sitakulaumu. Nasema kweli. Utakaa naye kwenye chai, ataanza kucheka kile kicheko chake kizito, utajisikia vizuri, utasema kesho nitamwambia. Naijua hiyo kesho. Ukiona imeingia kichwani mwako ujue imetoka kwangu, hukuiokota njiani. Kwa hiyo nakuomba, na mimi si mtu wa kukuomba vitu, usimkaribie kwanza kwenye chai. Usipokee kifuko cha korosho. Ukishakipokea umekwisha.

Barua hii nitakupa kesho stendi, dereva akishawasha gari, usipate nafasi ya kushuka unijibu. Ni woga, najua. Isome ukishapita Masasi. Mkifika Nanganga gari husimama watu wanunue ndizi. Ukitaka kurudi, shuka hapo, waulize nyumba ya bibi yangu, watakupa maji na hawatakuuliza kitu. Ukiendelea, endelea ukijua.

Atakuwa mlangoni anakusubiri, amezeeka sasa, usitafute mama mwenye nguvu kama nilivyokusimulia. Atakuona, atakujua kwa pua, kila mtu hukujua kwa pua. Atanyoosha mikono akukumbatie na atauliza, "Baba yako amesema nini?" Usimpe salamu zangu. Usianze na mgongo wangu wala mvua. Mwambie, "Baba amesema hapana. Amesema msisubiri. Amesema kitufe kilikuwa mbele yake." Halafu mwache ashushe mikono mwenyewe. Akibaki amesimama hapo, akikutazama bado, ndipo umpe salamu zangu, kama atakuwa bado anazitaka.

Ni mimi baba yako, niliyekupenda nikanyamaza.

Mkunya, Newala